Dereva Aliyeondoka Kabla ya Saa Nne

Jumatatu asubuhi nilikuwa napalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yangu hapa Kiamunyi, binti mmoja wa makamo akaingia langoni bila kubisha hodi. Nilimtambua kwa macho ya babake. "Shikamoo mzee. Baba ametuacha alfajiri," akasema, na kabla sijampa pole akaongeza, "Alituambia akifa wewe ndio uambiwe wa kwanza, hata kabla ya wajomba." Nikaegemeza jembe ukutani, nikamwambia nakuja. Ninyi mnaonisoma kila wiki mmezoea kuniona nikiwasifu marehemu mpaka wenyewe, kama wangeweza kusoma, wangeona haya. Leo msitarajie hayo. Huyu aliyefariki nilijuana naye zaidi ya miaka arobaini, nimekula Idi nyingi nyumbani kwake Bondeni, na miaka hiyo yote nilikuwa na kinyongo naye.

Katika miaka ya hamsini alikuwa dereva wa lori la serikali, mzaliwa wa Bondeni, ingawa babu yake alitoka pwani na familia haikuacha kuwakumbusha watu jambo hilo. Mimi nilikuwa karani kijana katika ofisi ya wilaya hapa Nakuru. Baba yangu alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, nami nikakulia kwenye landi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja watu saba. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Karani wetu mkuu, Mkikuyu mpole aliyenifundisha kupiga taipu, alichukuliwa Jumanne moja akiwa mezani pake na hatukumwona tena. Wiki chache baadaye afisa mmoja Mzungu wa wilaya, tuliyemwita Bwana DO, akapewa cheo na kituo kipya huko kaskazini, mbali kupita Baringo. Ilikuwa wilaya iliyofungwa, yaani mtu haingii wala hatoki bila karatasi yenye sahihi ya mkubwa wa huko. Mkubwa mpya alihitaji karani wa kwenda naye, na aliyebaki ni mimi.

Nilikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa baba. Kifua kilikuwa kimemsumbua miezi mingi, amekonda, na alikuwa amekata shauri kwamba hatafia Nakuru. Kwetu mtu huzikwa bomani kwake, karibu na wazee wake. Anayeachwa kwenye makaburi ya mjini huhesabiwa kuwa ametupwa. Aliniomba mimi, kifungua mimba wake, nimpeleke nyumbani kwa treni mwisho wa mwezi, nami nikamwahidi. Hayo yote nilimweleza Bwana DO nikiwa nimesimama wima mbele ya meza yake. Alinisikiliza vizuri, hata akavua miwani. "Wewe nakwenda wiki mbili tu," akasema kwa kile Kiswahili chao cha kuamrishia watu shambani. "Natengeneza ofisi, halafu narudi na lori. Baba yako nangojea. Mimi nasema kweli." Halafu akafungua mtoto wa meza akanipa ufunguo wa sanduku la bati lililokuwa na mafaili ya siri. Katika ofisi ile hapakuwa na Mwafrika aliyewahi kuushika ufunguo huo. Niliufunga kwa uzi nikauvaa shingoni, na jioni nikamwonyesha baba. Sisi makarani wa zamani tulikuwa hivyo, tukipewa ufunguo tunavimba kichwa.

Tulitoka Nakuru kukiwa na baridi. Bwana DO alitangulia na Landrova yake, mbwa akiwa kwenye kiti cha pembeni, na sisi tukafuata na lori lililojaa vitanda, viti, bafu la bati na mpishi aliyekaa juu ya mizigo na kuku wake. Mimi nilikaa mbele na dereva, sanduku la siri magotini. Tulipofika Mogotio jasho lilikuwa limeanza. Tulipopita Marigat nilivua sweta, na mbele ya hapo barabara ilikuwa ya kukisia. Dereva alinichekesha njia nzima. "Wee karani, hilo sanduku unataka kulioa?" akaniuliza. Alinimegea mkate wake, akaniulizia hali ya baba, akaniombea mzee afya. Siku ya pili tukakuta laga, ule mto wa mchanga mtupu, umejaa maji ya mvua iliyonyesha milimani, ikabidi tukae kivulini tukingoja yapungue. Alichemsha chai, akanimiminia kikombe.

"Karani, umeshaangalia ndani ya hilo sanduku?"

"Sijaruhusiwa."

"Lakini ufunguo si uko nao?"

"Nimepewa nitunze. Sikupewa nifungue."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akanimiminia chai nyingine. Nilidhani ananijaribu. Nilijisifu moyoni kwa uaminifu wangu, nikasogea na sanduku langu mbali naye kidogo.

Siku ya tatu jioni tukafika. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba mbili za bati, mlingoti wa bendera na mawe meupe yaliyopangwa kuonyesha njia. "Kesho tunarudi saa nne, karani," dereva akaniambia tukishusha mizigo. "Wewe malizia kazi yako, usiwe na haraka." Asubuhi, saa moja, niliingia ofisini nipange mafaili kabla ya safari, na kwa mara ya kwanza nikafungua sanduku. Faili la tatu kutoka juu lilikuwa la wafanyakazi wa kituo, na ndani yake kulikuwa na barua yenye jina langu. Nilikuwa nimehamishwa kwa mwaka mmoja na nusu, bila likizo. Ilitiwa sahihi siku nyingi kabla ya Bwana DO kunivulia miwani. Nilikuwa nimeipakata siku tatu, ufunguo uko kifuani. Nilikimbia nje na furushi langu la nguo nikakuta alama za matairi. Mpishi alikuwa akichinja kuku. "Lori? Si liliondoka saa kumi na mbili," akasema. "Kwani hukuambiwa?"

Bwana DO hakukasirika nilipomwendea nikilia. "Serikali nataka karani. Wewe kijana mzuri," akasema, akaita mbwa wake wakaenda kukagua askari. Bila sahihi yake nisingevuka kizuizi. Miezi miwili baadaye habari ikaja kwa redio ya polisi, maneno machache tu, kwamba baba amefariki na amezikwa Nakuru.

Niliporudi baada ya mwaka na nusu ndipo mama akanieleza lililobaki. Dereva aliporejea kutoka safari ile alipita landi siku hiyohiyo, akamletea baba asali ya Baringo, na baba alipouliza juu yangu akamjibu, "Mwanao yuko njiani, mzee. Anakuja na lori la pili." Basi baba mdogo alipofika kutoka nyumbani kumchukua ndugu yake, baba akakataa kabisa. Alisema ameahidiwa na kijana wake, na kijana wake yuko njiani. Baba mdogo akaja tena mwezi uliofuata, akakataliwa tena. Mara ya tatu alimkuta ameshazikwa na wenzake wa reli.

Nilikwenda Bondeni nikiwa na nia ya kumpiga yule dereva, sitawaficha. Alinikuta mlangoni akanivuta ndani, akamwambia mkewe alete kahawa. "Bwana aliniambia nikikwambia tu, lori anampa mtu mwingine," akasema. "Mimi niko na watoto wanne, karani. Ningefanya nini?" Nikamuuliza, na baba je, baba aliambiwa uongo kwa amri ya nani? Hapo akainama. "Mzee aliniangalia vibaya sana. Nikataka apate moyo." Sikumpiga. Nilikunywa kahawa yake ikiwa chungu na baridi, nikaondoka, na tangu siku hiyo hatukulitaja tena. Tulisalimiana, tulialikana harusi, tulizeeka.

Huyo Mzungu alinidanganya, lakini kwake yeye nilikuwa kiti kimojawapo kwenye lori, na sikumtarajia kuwa rafiki. Kilichoniuma mpaka leo ni aliyenimegea mkate huku akijua. Serikali ile tunaisimulia kwa bunduki na kofia zake, na tunasahau kwamba haikuwa na madereva Wazungu. Nayo haikuondoka na tabia zake zote. Majuzi mwalimu mmoja amehamishiwa Ndabibi, na shule nzima ilijua isipokuwa yeye. Waliokuwa wakinywa naye chai kila siku ndio haohao waliomnunulia keki ya kumuaga. Ukiwauliza, kila mmoja ana watoto wanne. Nami nisijifanye msafi mbele yenu. Karani mkuu wetu alipochukuliwa, orodha yenye jina lake ilikuwa imepita mezani kwangu jana yake. Niliiona. Nilimsalimia asubuhi kama kawaida, nikamuuliza habari za nyumbani.

Tulimzika dereva Jumatatu hiyohiyo kwa desturi ya Waislamu. Jeneza lilipokuwa uani, kabla ya kubebwa, imamu aliwageukia watu akasema, "Ndugu zetu, mwenzetu huyu ni binadamu. Kama kuna aliyekosewa naye, tunamwombea msamaha wenu." Uani kote wakaitika kwamba wamemsamehe. Mdomo wangu haukufunguka. Nilidhani hakuna aliyeona, lakini mwanawe mkubwa, mzee naye sasa, akapenya katikati ya watu akanijia, akaniinamia sikioni.

"Mzee wangu, sijakusikia."

Nikalitazama jeneza.

"Baba alitueleza yote. Alisema tukuangalie wewe. Alisema asitolewe hapa mpaka wewe useme."

Wanaume sita walikuwa wamesimama kando ya jeneza, mikono imeshashika miti yake, wote wakinitazama. Nilitafuta neno walilolitaka na sikulikuta, na mimi siku hizi sina nguvu ya kusema nisilonalo. Lakini nilimkumbuka baba kitandani kwake landi, akimrudisha ndugu yake mara mbili, asikubali kusogezwa kwa sababu anamngoja mtu mmoja aseme haya twende.

"Mbebeni," nikasema.

Akauliza, "Umemsamehe?"

"Nimesema mbebeni, mwanangu. Mpelekeni akalale."

Wakamwinua. Wasomaji wangu, sijui kama huo ni msamaha, na mashehe na mapadri mnaosoma gazeti hili mnaweza kuniandikia mnieleze. Ninachokijua ni kimoja. Unaweza kumchukia mtu mpaka mwisho na uchungu wako ukawa wa haki, lakini asiwepo baba wa mtu anayelala akingoja neno lako ili afike kwao.