Nyumba ya Majivu ya Mama Faradji

Watu wa Nengo, mtaa mmoja wa Gisenyi, walimwamini Rugema kwa mambo yote isipokuwa kazi yake. Waliweza kumwachia ufunguo, mtoto mchanga, hata maziwa yaliyo jikoni yasije yakafurika. Lakini nyumba, hapana. Sababu ilikuwa imetundikwa barazani kwake, ikikauka juani, na kila apitaye aliiona: picha zake.

Alikuwa msanifu wa majengo. Alizaliwa Karagwe, kwa wazazi waliokimbia Gisenyi mwanzoni mwa miaka ya sitini, akasomea Dar es Salaam, kisha mwaka 1995 akaja kwa mara ya kwanza katika mji aliokuwa ameusikia maisha yake yote. Miaka minne alichora vyoo vya shule na maghala ya mashirika ya misaada, majengo ya pembe nne yasiyomuuliza mtu swali. Jioni alipaka rangi. Hakuchora sura ya mtu, wala ng'ombe, wala mlima. Alipaka wekundu ukigombana na weusi, mstari mmoja ukitafuta pa kwenda, kijivu kikilala chini kama mtu aliyechoka. Hakujua kueleza. Alijua tu kwamba akimaliza alikuwa mwepesi.

Hivyo mwaka 1999 Nasrine, ambaye mji mzima ulimwita Mama Faradji, alipokuja kumtafuta mtu wa kumchorea nyumba yenye duka la vitenge karibu na Petite Barrière, kizuizi cha mpakani cha kuvukia Goma kwa miguu, moyo wa Rugema uliruka. Hii ingekuwa nyumba yake ya kwanza ya kweli. Kwa bahati mbaya mama huyo alikuja na shemeji yake wa Goma, Wellars, mume wa dada yake, mtu asiyeweza kuona kitu akakinyamazia.

"Injenyeri," Wellars alisema, kichwa amekiinamisha mbele ya picha, "hii ni plan ya wapi?"

"Si ramani, kaka. Ni picha."

"Picha ya nani?"

"Si ya mtu."

"Donc ni ya nini?"

"Si ya kitu hasa."

Wellars akageuka. "Shemeji, umesikia? Huyu mutu anapika sosi, lakini ndani hakuna kitu."

Mama Faradji hakucheka. Alikuwa mjane aliyelea watoto watano katika vyumba vya kupanga, na mbele yake alikuwa na kiwanja kimoja tu. "Mi nataka nyumba ya kuingia na kutoka," alisema. "Sitaki nyumba ya kufikiri."

Rugema alimkunjulia michoro. Aliitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyotazama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Ndipo Rugema akakumbuka jambo alilojifunza kwa fundi mmoja wa Karagwe.

"Mama, nipe Jumapili moja. Nitakuchorea nyumba yako chini, palepale kiwanjani, kwa ukubwa wake wote. Utatembea ndani."

"Bon. Nikitembea nikaona ni nyumba, utanijengea. Nikiona ni zile mambo ya baraza yako, nitaita ule injenyeri mwengine wa Mahoko."

Jumapili ile Rugema na Sebahire, fundi wa mawe, walifika kiwanjani na vigingi, kamba, na magunia mawili ya majivu kutoka mkahawa wa jirani. Walivuta kamba, wakamwaga majivu kwa kopo juu ya udongo mweusi. Chumba kikazaa chumba. Ilipofika saa nne, nyumba nzima ilikuwa imelala chini, nyeupe, haina paa wala ukuta, na watu wa njiani wamekwisha kukusanyika.

Mama Faradji alikuja na sinia ya chai, chupa na vikombe juu yake. Aliingia kwa mlango, akageuka kulia, akafika jikoni, akatoka na sinia hadi sebuleni bila kujigonga popote. Uso ukaanza kulainika. Wellars akamfuata kwa njia ya mkato.

"Shemeji! Umepasua ukuta yangu!" mama akapaza sauti.

"Ukuta gani?"

"Rudi! Pita kwa mulango kama mutu mwenye alizaliwa na watu!"

Umati ukaangua kicheko. Wellars akarudi, akabisha hodi hewani, akakaribishwa.

Kisha mama akaweka kigoda barazani, akaketi.

"Niko naangalia nini?" aliuliza.

"Ziwa, mama." Rugema alionyesha kipande cha Kivu, chembamba kama pindo la kanga, kati ya mapaa mawili. Nyumba yote aliigeuza kwa ajili ya kipande kile.

"Na barabara ya barrière?"

"Iko nyuma."

"Wamama wanatoka barrière na mizigo kichwani, wanatafuta kitenge, na mi nimewapa mugongo?"

Rugema alifungua mdomo ajitetee, na kilichotoka kilimshangaza mwenyewe. Alisema kuwa mama yake, kule Karagwe, alikuwa akifungua dirisha lililotazama migomba na kusema: nyumbani ukifungua hivi, ni ziwa. Kila asubuhi, mpaka alipokufa. Alipokuwa akisema akatambua ni nyumba ya nani aliyoichora.

Mama Faradji alimtazama kwa upole. "Mama yako alikuwa mbali, alikuwa na haki ya kulikumbuka. Mi ninaliona kila siku. Halijaniuliza hata siku moja kitenge ni bei gani."

Akainuka. Kwa kandambili yake akaanza kufuta baraza, polepole, majivu yakichanganyika na udongo, huku akirudi kinyumenyume kuelekea barabarani. "Hapa duka. Hapa ninakaa mi. Mulango huku." Rugema aliufuata mguu ule na kopo lake, akimwaga mstari mpya, na wala hakuona uchungu aliodhani ataona. Jikoni mama alisimama. "Dirisha ya hapa nakuachia. Niwekee ziwa yako. Nikikata kitunguu nikalia, machozi itakuwa na sababu."

Ngurumo ikasikika upande wa milima. Matone ya kwanza yakatoboa majivu ya sebuleni. Rugema alimtazama mama. Mvua ikishanyesha hapatakuwa na nyumba ya kukubali wala kukataa.

"Sebahire," akasema Mama Faradji, "unangoja nini? Chimba!"

"Mama, leo Jumapili."

"Mi ni Muislamu. Chimba!"

"Mi nilishasali asubuhi," Wellars akasema, akanyakua jembe.

Walichimba pembe zote nne katika mvua ile, Rugema naye, shati limemganda mgongoni, akicheka kama mlevi.

Juma lililofuata Mama Faradji alipita Nengo kuuliza habari ya mawe, akasimama mbele ya picha mpya barazani: weusi mtupu, na katikati yake kijivu kilichoburutwa.

"Na hii?"

"Huo ni mguu wako, mama, ukifuta baraza."

Aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. "Uongo," alisema. "Mi sina mguu mukubwa hivi." Na akavua kandambili, akaupandisha mguu wake kwenye ukingo wa ukuta, waulinganishe na ule wa picha.