Siku Niliyosema Nimefungua

Wanawake wanaouza michembe pale kwenye ghala la pamba la Segese mpaka leo wakiniona wanaulizana kama mimi si ndiye yule, na mimi kwa aibu huwa nazunguka nyuma ya ghala, kwenye ua wa minyaa, kama mwizi wa kuku. Nimeona niandike ilivyokuwa, maana yanayosemwa ni mengi na mdomo wangu haujawahi kunisaidia kueleza jambo.

Nilizaliwa Masanja. Niliposilimu nikaitwa Shabani, na mama yangu (yeye hana dini ya kitabu, anafuata mambo ya babu zake) alilia kidogo, kisha akaendelea kuniita Masanja. Msidhani nilisilimu kwa ajili ya msichana tu, ingawa siwezi kusema kwamba Zaituni hakuwamo moyoni. Baba yake, Mzee Sefu mchinjaji, hakunikataa. Alimwambia Mwalimu Idi, anayetusalisha, kwamba nimalize kwanza Ramadhani moja ili waone kama mimi ni Muislamu wa moyoni au wa mdomoni, halafu nilete posa.

Basi Ramadhani yangu ya kwanza ikaangukia msimu wa pamba, na msimu wa pamba kwetu ndio msimu wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo wanawake huvichemsha na kuvitilia karanga za kutwanga, na harufu yake mtu aliyeshiba hawezi kuijua vizuri. Nilikuwa nimesikia kwamba ipo dua ya kumsaidia aliyefunga ashinde vishawishi. Ningeweza kumuuliza Mwalimu Idi, ambaye ni mtu mpole. Lakini kwangu kumuuliza mtu mzima jambo ni kama kuvua shati mbele yake, nikaamua kuitafuta mwenyewe (na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia).

Nikawa nawachunguza wazee jioni msikitini. Wanakaa mkekani midomo imekauka, nyuso zimekunjamana, kisha jua likizama wanasema maneno ya Kiarabu, Allahumma laka sumtu wa ala rizqika aftartu, na muda si mrefu nyuso zinakunjuka na hakuna tena anayeonekana kuwa na njaa. Nikasema moyoni, ndiyo hii. Kwamba walikuwa pia wanakunywa uji, hilo sikulitia maanani.

Nikaikariri kwa ulimi wangu wa Kisukuma, “lizqika aftaltu”, na shambani njaa ikinibana naisema chinichini, na naapa ilikuwa inanisaidia.

Siku hiyo mimi na mama tulipeleka pamba yetu ghalani. Foleni ilikuwa ndefu, jua la saa saba linachoma, na tangu asubuhi karani alikuwa ametuamuru sote tufungue mafurushi ili aone kama hakuna mawe ndani (wapo wanaoweka mawe). Nikafungua letu. Mama alipokwenda kutafuta maji akatokea Lushinge, niliyesoma naye, amerudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Bulyanhulu amevaa suruali ya bugaluu inayofagia vumbi. Akanunua bakuli la michembe, akanitia mikononi.

“Kula, Masanja. Kwenye vumbi hili nani atakuona?”

Kumrudishia bakuli mbele za watu nikaona haya, kula siwezi, kusema siwezi. Mvuke wa karanga ukanipanda puani. Nikaisema dua yangu chinichini, haikutosha, nikafumba macho nikaisema kwa sauti, halafu kwa sauti zaidi, kama wazee wanavyofanya mkekani.

Nilipofumbua macho Mzee Sefu alikuwa amesimama mbele yangu. Aliniangalia, akaliangalia bakuli, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa:

“Kijana, umefungua?”

Nilishukuru kwamba ameniuliza jambo jepesi. Mimi kumaliza saumu nilikujua kwa neno moja tu, kufuturu, na furushi la pamba lilikuwa pale miguuni pangu, liko wazi.

“Nimefungua, mzee. Tangu asubuhi.”

“Tangu asubuhi?”

“Ndiyo, mzee. Wote hapa tumefungua. Karani ndiye aliyesema.”

Lushinge alicheka mpaka akakalia pamba ya watu. Mzee Sefu hakucheka. Alisema Mungu anisamehe, akaikusanya kanzu yake, akaondoka. Nikaona nimekosea mahali, ila sikujua wapi, nikamkimbilia na bakuli lile lile mkononi, nikajikwaa kwenye furushi letu, nikaanguka kifudifudi na michembe ikamwagika juu ya pamba, na Mzee Sefu alipogeuka kwa ule mshindo alinikuta nina karanga mpaka puani.

Karani aliiandika pamba yetu kuwa chafu. Mama aliporudi na maji aliyaweka chini. Alipiga magoti akaanza kuichambua, maana ile ndiyo ilikuwa kazi yetu ya mwaka mzima.

Jioni nilimweleza Mwalimu Idi. Alicheka kwanza, akauona uso wangu, akaacha. Akaniambia kwamba maneno yale maana yake ni kwa ajili yako nimefunga na kwa riziki yako nimefungua, na mtu huyasema wakati wa kufuturu. Nikamuuliza (hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza) ile ya kushinda vishawishi ni ipi.

“Inni saimun. Mimi nimefunga. Basi. Hata kwa Kisukuma ungemwambia yule rafiki yako, angekuelewa.”

Mwalimu alikwenda kunisemea. Mzee Sefu alimwamini, si mtu mbaya, lakini ghala zima lilikuwa limesikia, na alisema hawezi kuwa na mkwe ambaye wauza michembe wanamsalimu kwa kumuuliza kama amefungua. Baada ya sikukuu ya Idi, Zaituni aliolewa na mfanyabiashara wa dagaa wa Nkome. Siku anaondoka nilisimama kando ya barabara lori lilipopita. Sijui kama alinitazama, kwa sababu nilikuwa nimeinama.

Bado nafunga. Jua likizama mama ananiletea uji, ananiuliza, “Masanja, umefungua?” Nami nimeapa neno hilo sitalijibu tena kwa haraka, hata likitoka kwa mama yangu.

“Nimefungua nini, mayu?” namuuliza kwanza.

Ni maneno mawili tu. Siku ile pale ghalani yangenitosha.