Diploma Yangu ya Firenze Ilimfuta Yoshua

Kosa ni langu peke yangu, wala simtafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Nakuandikia wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua wameacha kupokea simu zangu.

Mimi si mtu mdogo, nikwambie ukweli. Niliondoka Johannesburg, Jozi yetu hii, nikiwa mlinzi wa getini. Nikaenda Italia, nikaosha sahani, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata diploma ya kukarabati picha za kale za makanisani. Wakongo wangapi wa hapa Jozi wanayo? Mimi!

Kule Firenze nilifanya kazi miaka mitano juu ya majukwaa, uso kwa uso na watakatifu waliochorwa ukutani karne nyingi zilizopita. Kwa pamba na maji nilisafisha sehemu ndogo kama kiganja, wiki nzima. Kila asubuhi mwalimu wetu alirudia: kabla hujagusa, piga picha kila kipande, hata doa. Alitufundisha pia kwamba wachoraji wale waliwatia majirani zao ukutani. Mwoka mikate akawa mtume, mtoto wa mfumaji akawa malaika. Nilikuwa nikiwasimulia watalii hayo kwa mbwembwe!

Nikarudi. Kanisa letu la Bertrams, ambalo zamani lilikuwa gereji, lilikuwa na ukuta mmoja uliochorwa na marehemu Papa Mulumba, fundi cherehani wa Jeppestown. Rangi za kupaka nyumba, malaika wenye mikono iliyovimba kama mikate. Mmoja wao, chini karibu na mlango, alikuwa na goti moja kubwa kuliko jingine. Nilicheka sana.

Mchungaji akanipa ufunguo. "Mtoto wangu, ondoa ukungu," alisema. "Ukungu tu."

Ijumaa na Jumamosi nikakwangua ukuta wote. Ndiyo, wote! Nikapiga plasta mpya ili nichore mbingu kama za Firenze. Picha? Sikupiga hata moja. Nilijiambia, hii nayo ni sanaa ya kupigwa picha?

Jumapili nikasimama mlangoni na suti yangu, nikingoja pongezi.

"Docteur wa kuta!" akaniita Papa Bosco wa kwaya. "Leo tunasali Kiitaliano ama?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Akaingia Mama Sifa, msusi wa nywele, akaenda kwenye kiti chake cha siku zote, pale karibu na mlango. Hakukaa. Aliweka kiganja kwenye plasta.

"Yoshua yangu iko wapi?"

Nikadhani anamtafuta mtoto aliyekimbilia nje. "Nani, Maman?"

Papa Bosco akanivuta pembeni, kicheko kimekwisha. Yoshua alikuwa mtoto wa Mama Sifa, aliyefia njiani walipokimbia vita Kivu. Mama hakubaki na picha yake hata moja. Papa Mulumba alikaa naye siku nyingi, akimchora malaika yule na kufuta, mpaka mama akasema, "Ni huyu." Hata goti. Mtoto aliwahi kuanguka, na lile goti halikurudi kuwa kama lingine.

Eish! Nilitamani ardhi inimeze.

Watu wakafungua simu zao. Picha za harusi, picha za ubatizo. Malaika wa juu walionekana vizuri. Yoshua, kwa kuwa alikuwa chini, alizibwa na viti na mabega ya watu. Picha moja tu ilionyesha kitu. Goti.

"Nieleze alivyokuwa, Maman," nikamwomba. "Nitamchora upya. Nimesomea."

Akaondoa kiganja ukutani. "Sura yake niliiacha pale ukutani, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeanza kusahau."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Sasa nakaa Midrand, nyumba nzuri, kimya tupu. Diploma iko kwenye fremu sebuleni. Kanisani viti vya kushoto na kulia kwangu hubaki wazi. Simu yangu imejaa picha za kuta za Firenze, nyuso za watoto wa watu waliokufa zamani, kila doa, kila ufa. Sina wa kumwonyesha.

Wewe uliyesoma ughaibuni, ukirudi kwa watu wako na vyeti vyako, usiguse kitu chao kabla ya kuuliza: huyu ni nani? Swali dogo hivyo! Lilinishinda.

Mama Sifa bado anakaa kwenye kiti kilekile, akitazama plasta yangu. Niliipiga vizuri sana. Haina hata doa.