Betri Iliyochemka Njia ya Chuka

Ndugu zangu walinituma nimpeleleze baba yetu, nami nikakubali. Mzee alikuwa ameanza kusahau, na bado aliendesha gari lake la zamani, gari lililonizidi umri. Mara ameacha sufuria motoni, mara anampigia simu shangazi tuliyemzika. Nilitakiwa nisafiri naye kutoka nyumbani Kianjokoma hadi kwangu Makutano, Meru, yeye akiwa kwenye usukani. Nikiona kosa moja tu, nimwambie hapo hapo kwamba haendeshi tena. Walinichagua mimi kwa sababu nina mdomo. Wao humwogopa.

Baba alikuwa fundi wa umeme wa magari kwa miaka arobaini. Kumnyang'anya gari hilo kulikuwa ni kumwambia kwamba kichwa chake kimekwisha, na ndivyo ambavyo angesikia, hata tungesema kwa upole gani. Nilijua hivyo, kwa hiyo niliamka na hasira na kila mtu, yeye akiwemo.

"Umeona rangi?" aliniuliza akinifungulia boneti kabla hatujaondoka. Ndani kulikuwa kweusi na kunang'aa. "Nilitoa kila kitu, nikasugua kutu, nikapaka, nikarudisha. Wiki mbili mzima, Mama." Huniita Mama kwa kuwa nina jina la mamake.

"Imependeza, Baba," nikasema. Sikuwa naangalia rangi. Nilikuwa naangalia macho yake.

Aliendesha vizuri, lazima niseme ukweli. Alipunguza mwendo panapotakiwa, akawapisha wenye haraka zao, akawatukana kidogo kwa Kiembu. Tulipopita Runyenjes nilikuwa sijapata hata kosa moja, nikaanza kupumua. Ndipo nikasikia harufu ya mayai yaliyooza.

"Baba, unasikia hiyo harufu?"

"Harufu gani?"

Tukashuka kona za Mto Thuci na harufu ikazidi, mpaka machozi yakanitoka. Redio ikatoa mlio mmoja, ikanyamaza. Kwenye dashibodi sindano ya chaji ilikuwa imelala upande wa kulia kabisa. Baba aliiona nilipoiona mimi.

"Hii si mzuri," alisema taratibu. "Tusimame Chuka. Kuna fundi pale kwa barabara."

Tulipofungua boneti, betri ilikuwa imevimba ubavuni na maji yake yanachemka na kutokea kwenye vifuniko. Fundi, mwanamume wa rika langu aliyevaa ovaroli nyeusi kwa oili, aliangalia mara moja tu.

"Madam, hii betri imekwisha. Wacha nijue kama alternata inachaji. Natoa terminal moja injini ikiwa on. Gari ikizima, alternata ndio imekufa."

Ndivyo wanavyopima wote alternata, mashine inayoichaji betri, kwenye barabara ile. Mimi huwa sina subira, nikamwambia afanye haraka. Injini ilikuwa inanguruma. Baba alikuwa nyuma ya gari akitafuta mita yake ya kupimia umeme. Fundi akaweka spana kwenye nati inayoshikilia waya wa betri, nati ikaanza kulegea.

"Toa mkono hapo!"

Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu nikiwa mtoto. Fundi aliruka nyuma. Baba alikuja mbio, akaikaza nati kwa vidole vyake, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Alternata haijakataa kuchaji. Inachaji kupita kiasi. Hiyo betri ndio imebeba huo moto wote. Ukiitoa, unachoma kila kitu kwa hii gari, na hiyo gesi ikipata cheche inakurukia usoni."

"Pole, mzee," fundi akasema.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Baba aliweka mita, akaniambia nikanyage mafuta kidogo. Akasoma: volti kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba.

"Zima! Inatakiwa kumi na nne."

Hakukosea hata hatua moja. Nilijisemea kwamba nitawapigia ndugu zangu simu nikifika na nitawapa vidonge vyao.

Akafuata nyaya kwa kidole mpaka kwenye kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa ukutani mwa injini. Mafundi wa zamani hukiita katauti, na kazi yake ni kuizuia alternata isizidishe. "Hii lazima iguse mwili wa gari," alimwelekeza fundi, sasa akifundisha waziwazi. "Ikikosa arthi, haijui betri imejaa. Inaitisha tu, inaitisha tu." Akashika kipande cha waya kati ya kisanduku na upande hasi wa betri, nikawasha. Mita ikashuka hadi kumi na nne, ikatulia.

"Umeona? Sasa tutafute waya wake wa arthi."

Aliupata nyuma ya kisanduku. Haukuwa umekatika. Ncha yake ilikuwa imefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, ikakunjwa na kufichwa vizuri, kama waya usio na kazi.

"Ni mjinga gani amefanya hii?" alisema. Fundi akacheka.

Mimi sikucheka. Baba haamini tepu ya dukani, hudai joto huyeyusha gundi yake. Tangu nimjue amefunga nyaya kwa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu na fundo moja, na mkia unakatwa kimshazari. Niliitambua kazi hiyo kabla yake, nikaomba Mungu asiitambue. Akavaa miwani.

"Labda ilichomoka tu, Baba," nikasema. Mimi niliyetumwa kutafuta kosa moja!

Alilifungua lile fundo polepole, akautazama utepe mkononi.

"Huu mkono ni wangu," alisema. "Na sikumbuki."

Alikwangua rangi mpya aliyoipaka zile wiki mbili mpaka chuma kikaonekana, akakaza waya mahali pake, akapima tena mara mbili. Betri ilipopoa akaijaza maji. Alimshukuru fundi na kumwonya tena kuhusu kutoa terminal. Kisha akapita mlango wa dereva bila kuugusa, akazunguka, akaketi upande wa abiria.

Nilikaa kwenye usukani. Maneno yote makali niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa yameniisha.

"Wenzako wakiuliza," alisema, "usiwaambie mambo ya waya. Waambie nimechoka kuendesha."

"Sawa, Baba."

Nikawasha gari. Yeye akageuza uso dirishani, ili asinione nikibadilisha gia zake.