Maneno ya Dunguni

Balbina alikuwa na sauti, jamani! Akikohoa yeye hapa kwetu Mlabani, mbwa wa mtaa wa pili wanabweka. Mimi jirani yake nilishaizoea, lakini wageni walidhani anagombana, kumbe anaomba chumvi tu.

Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Mpunga ukianza kutia maziwa, sote bondeni hupanda madunguni, vile vichanja vya miti juu ya mpunga, kuamia ndege, na Balbina, mjane, aliwafukuza kutwa bila kukauka koo. Na kwetu maneno ya dunguni hayana kesi. Ukiwa juu unasema na ndege. Mwenye masikio akiumia, shauri yake. Wifi yangu alinitangaza uchoyo msimu mzima, nami nikamjibu kuhusu miguu yake, na jioni tukala sahani moja.

Mwaka ule wa hamsini na saba binti wa Balbina, Konsolata, alikuwa darasa la nne, mtihani wa kwenda shule ya kati umekaribia. Watoto walikuwa wakilima shamba la shule kila asubuhi mpaka jua linakuwa kali, basi siku ya mdahalo wakaulizwa: je, jembe lifundishwe shuleni? Konsolata akasimama. "Jembe nimelikuta nyumbani," akasema. "Shuleni nimefuata nisichokuwa nacho."

Mkuu wa shule, Mwalimu Fridolin, mtu wa Mahenge kule milimani, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Siku zile za mkoloni, kulipinga jembe la serikali kuliitwa siasa, na neno siasa lilimtetemesha kila anayekula mshahara. Midahalo akaifuta. Konsolata akaambiwa aombe radhi mbele ya shule nzima, la sivyo asikanyage tena shuleni, na mtihani hataugusa.

"Niombe radhi kwa lipi, mama? Nimedanganya?"

Balbina aliogopa kwelikweli. Mimi nilimwambia wazi amlazimishe mtoto apige magoti, yaishe. Lakini kuna swali lilikuwa linamwasha.

"Stefania, hivi huyu Mwalimu mwenyewe anaamini nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Wala mimi sijui. Na nataka kujua."

Haukupita muda, Mwalimu akapiga marufuku maneno hata kwenye madungu ya shule, yaliyopakana na shamba la Balbina. Watoto wapige madebe, midomo wafunge. Loo! Ndege nao si wajinga. Walilizoea debe upesi, wakawa wanakula mpunga wa shule huku wanalisikiliza. Na mkaguzi alikuwa njiani kuja kuuona mpunga huohuo.

Mwalimu akaja mpakani, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Balbina.

"Marahaba, Mama Konsolata. Naomba unisaidie sauti."

"Sauti yangu iko kazini. Panda mwenyewe. Lakini ndege wa huku hawaogopi kelele tupu, wanaogopa neno linalotoka tumboni. Mficha uchi hazai, Mwalimu."

Uongo mtupu! Niliinama kwenye mpunga nisionekane ninavyocheka. Mtu wa milimani angejuaje?

Akapanda dungu la shule na viatu vyake. "Hoo!" Ndege wakaendelea kula. "Hoo!"

"Neno, Mwalimu! Neno!" Balbina akampigia kelele.

Likashuka kundi jingine, kubwa kuliko la kwanza. Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Ondokeni!" akapasuka. "Mnanila mpaka lini? Mimi nilisomea vitabu! Mkaguzi akija anakagua matuta, daftari hafungui hata moja! Mimi ni mwalimu au ni mnyapara?"

Ndege waliruka wote. Watoto wakaacha madebe. Kicheko kikaniisha, nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

"Kumbe," Balbina akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona.

Kabla hatujapumua, sauti nyembamba ikatoka kwenye dungu la Balbina. Konsolata, aliyekuwa akishinda huko tangu afukuzwe!

"Na huyo wa vitabu atakula nini asipolima?"

Nikashika kichwa. Mtoto gani huyu? Hoja iliyomfukuzisha shule sasa anaipinga mwenyewe!

"Nani huyo?" Mwalimu akauliza.

"Ndege tu, Mwalimu," Balbina akajibu. Ile sauti yake yote ilikuwa imemkauka.

Mwalimu alishika nguzo ya dungu. Alitutazama sisi, akawatazama watoto wake, na alijua kwamba tumemsikia sote.

"Mwambie huyo ndege," akasema, "kesho asubuhi awe darasani. Sijamaliza kumjibu."