Somo la Kuosha Maiti

Mwalimu Hidaya hakuwaga na imani na mtu anayebisha hodi akiwa na swali moja tu.

Madrasa yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la kushona, Musoma mjini. Mbele, mwanafunzi mmoja alikanyaga cherehani ili sauti za kisomo zisisikike barabarani. Nyuma, wenzake walikariri. Wote walizaliwa wakaitwa wavulana, wote wanaishi kama wanawake, kama Hidaya mwenyewe, na hakuna msikiti uliowapa safu ya kusimama. Siku watakayojulikana, madrasa imekwisha, na kipigo juu.

Sasa huyu Mbuke, muuza samaki wa kijiji cha Murangi, amekaa ukingoni mwa mkeka.

"Alifu unaijua?"

"Siijui, mwalimu. Mimi nataka kile kisomo cha kuosha maiti tu."

Cherehani ikanyamaza.

"Wewe, kanyaga!" Hidaya akafoka, kisha akamgeukia mgeni. "Nani kakwambia tunafundishaga hicho?"

"Watu."

"Watu wana majina."

Mbuke akajikuna shingo, rozari ikachomoza. Chumba kizima kikaguna.

"Haya dada," mmoja akamchokoza, "rozari na sanda, wapi na wapi?"

"Ni rafiki yangu, Salima. Yuko kama nyie. Anaumwa, hanyanyuki. Kaka zake wamesema hawamgusi. Wanawake wa mtaa wamesema huyo siyo mwanamke mwenzao. Akifa ataoshwa na nani?"

Hidaya alilijua swali hilo. Ndilo lililomfanya aanzishe somo lenyewe. Ndiyo maana likamtia shaka zaidi. Mwenye ndoana huchagua chambo ambacho samaki anakipenda. Na simu iliyo mapajani mwake, mbona kaifunika kwa kanga?

"Zima simu," akasema. "Twende nikamwone kwa macho yangu."

Walipofika Murangi, Hidaya alichungulia nyuma ya nyumba ya Salima, akachungulia chooni, ndipo akasogelea mlango.

Ndani, kwenye godoro, mtu aliyekonda mpaka mifupa, kucha zina hina mpya, akamtazama Hidaya kuanzia ushungi hadi viatu.

"Mbuke," akasema kwa shida, "umeniletea nani? Mbona anachungulia chungulia? Siyo askari huyu?"

"Ni mwalimu, Salima."

"Ndivyo alivyokwambia?"

Hidaya akavua viatu, akakaa palepale kizingitini, asivuke.

"Niulize, mwanangu," akasema. "Uliza mpaka uridhike."