Udongo wa Josho

Lile josho la ng'ombe liliachwa kabla sijazaliwa. Lipo kwenye ardhi ya halmashauri, kando ya mto, pale mji wa Korogwe unapoishia na bustani za mboga zinapoanza. Ni mtaro wa saruji uliojaa matope, basi. Zamani ng'ombe waliletwa mpaka kutoka upande wa Handeni kuogeshwa dawa ya kupe, na dawa ikichakaa inamwagwa palepale chini. Kila mtu alijua. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo.

Mama yeye aliona faida. Aligundua kwamba karibu na josho hakuna mchwa, hakuna sota wanaokata miche, hata sisimizi hakai. Akaanza kuchota ule udongo mweusi na kuunyunyiza kwenye matuta yake. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba ndoo, tangu darasa la tatu. Mchicha wa mama ukawa hauna tundu hata moja. Wenzake walipomuuliza, aliwaonyesha, maana mama hajui kuficha kitu kizuri. Wakaiita dawa ya Msambaa, kwa sababu kwao mama ni Dindira, huko milimani Usambara.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani mpaka nikachoka kuhesabu mabati. Halmashauri ilitaka kugeuza eneo la josho kuwa kiwanja cha watoto, ikaleta mtaalamu kutoka Dar apime udongo kwanza. Alikuwa dada wa makamo, hacheki ovyo. Alitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Nikapata kibarua.

Kazi ilikuwa kuvuta kamba, kila hatua ishirini tunasimama, tunazungusha bomba la chuma lenye meno mpaka linazama, tunatoa udongo na kuutia kwenye mfuko wake. Mimi naandika namba na mahali. Nilijivunia zile namba kuliko cheti changu. Namba kumi na saba ikaangukia kwenye tuta la mama, mbali kabisa na josho, upande wa juu.

"Toboeni taratibu, msiniumizie mchicha," mama akasema.

Dereva wa mtaalamu, Mzigua wa Mkata, akamdaka hapohapo. "Msambaa, hata udongo unatubania?"

"Nyamaza, Mzigua wewe. Kwenu mnachomeka muhogo, mnaenda kulala, mnaamka siku ya kuvuna. Utajua nini habari ya bustani?"

Tulicheka wote, hata mtaalamu.

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa. Mtaalamu aliniita, akaweka karatasi juu ya boneti ya gari.

"Kwenye josho pachafu, sawa, nilitegemea. Hapa katikati pasafi. Halafu namba kumi na saba, huko juu, sumu tele. Sumu hairuki, mdogo wangu. Umechanganya mifuko."

Nilijua palepale. Niliiona ile ndoo ya bluu kichwani mwangu kama jana. Nikasema nitaangalia daftari.

Jioni nilimkuta mama jikoni, anapika mchicha. Nikamweleza yote, kwamba dawa ya kupe haikuisha, imo kwenye udongo na tuliihamisha wenyewe. Hakugeuka.

"Hiyo mifuko uliichanganya."

"Sikuichanganya, mama."

"Nimesema uliichanganya."

Akanipakulia. Nikala. Mpaka leo najiuliza niliwezaje, maana nilijua na bado nikala, kwa sababu alikuwa amesimama pale ananitazama na sahani ilikuwa mkononi mwangu.

Siku tatu nilikaa kimya. Nikisema, bustani ya mama inafungwa, na yeye hana kitu kingine duniani anachokijua kama ile bustani. Nisiposema, watu wa mtaa mzima wanaendelea kununua mchicha usio na tundu. Usiku silali, mchana nafungua daftari na kulifunga. Nilitamani gari la mtaalamu ligonge mti, bila kuumiza mtu, ili tu kazi isimame.

Siku ya nne mtaalamu alichukua kalamu nyekundu, akaikata namba kumi na saba. Pembeni akaandika: kosa la mchukua sampuli. Uzio utazunguka josho tu, akasema, na hiyo moja tunaiacha.

Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria wale wanaokula. Sikuwafikiria. Niliifikiria ile kalamu.

"Sikuchanganya," nikasema. "Udongo wa josho tuliubeba."

"Nani aliubeba?"

"Mimi na mama. Kwa ndoo. Unaua sota."

Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye ukingo wa josho, akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Na bustani zingine?"

Sikujua. Nilijua kwamba wengi walichukua, ila nani, tuta lipi, mwaka gani, hayo anayajua mama peke yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimemaliza kitu. Nilidhani nimetoka, kumbe ndio nimeingia.

Mtaalamu alikuja nyumbani, akampa mama shikamoo kwa heshima zote, akaeleza polepole. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Mchicha wangu haujawahi kuwa na tundu," akasema.

"Ndiyo maana yake, mama."

Basi. Mama hakuongea tena siku hiyo, wala kesho yake. Mimi nikimwamkia anaitikia kwa kichwa. Akitaka chumvi, anainuka kuifuata mwenyewe, na nimekaa nayo karibu. Ningefurahi anipige kuliko vile.

Asubuhi ya tatu alivaa mabuti ya mvua, akaenda joshoni, akanyoosha mkono kwa mtaalamu aliyekuwa akiweka alama penye sumu kwa vibendera. "Nipe hivyo vibendera."

Alianza na kwake. Alichomeka kibendera chekundu katikati ya tuta la mchicha mchanga, akasogea, akachomeka kingine. Kisha akavuka mfereji akaenda kwa jirani. Yeye mbele, mimi nyuma na daftari. Alikumbuka kila kitu: huyu alichukua ndoo mbili mwaka wa mvua kubwa, yule alitia kwenye kitalu cha chainizi tu, huyu hakuchukua, alikuwa na dharau.

"Wewe ndiye uliyetuonyesha!" jirani mmoja alipiga kelele. "Leo wewe ndiye unatufungia!"

"Ndiyo," mama akasema. Akachomeka.

Mwingine, Mzigua aliyezoea kumtania mama kila siku ya Mungu, alisimama na jembe lake. "Msambaa, dawa yako hiyo. Sota hawajafa, tumekufa sisi." Tulingoja acheke. Hakucheka. Mama akatazama chini, mimi nikaandika namba, mwandiko umepinda vibaya.

Saa sita kilibaki kibendera kimoja. Ilibaki bustani moja pia, ile ya bibi wa mwisho karibu na maji, anayeishi peke yake. Mama alisimama kwenye ukingo wa mfereji, hakuvuka. Akanigeukia, na ndiyo mara ya kwanza kuniangalia machoni tangu mtaalamu aje nyumbani.

"Huyu nilimpelekea mwenyewe. Hakuomba." Akanipa kibendera. "Siwezi. Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeanza."

Nilitaka kusema aliyeanza ni yeye. Nilitaka pia kukimbia, ila kulia kwangu ni mto, nyuma yangu mama, na mbele bibi ameshaniona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu." Alikuwa anamwagilia, hakuacha. "Umekuja kuchuma? Chuma wa upande huu, ni mzuri, hauna wadudu."

Nikatoa mkono mgongoni, akaona nilichoshika.

"Sijaja kuchuma, bibi," nikasema. "Weka ndoo chini kwanza."